Siku moja kwenye magenge ya Seven Sisters: uchambuzi wa kisa cha watu saba kutoka London

Watu saba wanaoishi London mashariki walipanga kwenda kuona magenge meupe ya Seven Sisters, pwani ya Sussex kusini mwa Uingereza, na kurudi siku hiyohiyo. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mwezi ukiwa nusu. Kundi lilikuwa na wauguzi wawili, wanafunzi watatu wa chuo kikuu, mtoto wa miaka tisa, na shangazi wa miaka sitini na kitu aliyekuja kutembea kutoka Unguja. Walifika nyumbani salama, ila wamechoka kupita kiasi, na nusu ya walichokifuata hawakukiona.

Kisa tumekiunda. Watu hawa hutawakuta popote, lakini kila kosa walilofanya hutokea mara kwa mara kwenye njia hii, na umbali, vituo na tabia ya bahari ni vya kweli. Tunawaandikia hasa wenzetu waliokulia pwani ya Afrika Mashariki, maana kuna kosa moja hapa ambalo mtu wa pwani hulifanya kwa urahisi kuliko mtu wa bara, kwa sababu tu anaijua bahari.

Mpango wao

Walitaka kupanda treni Victoria, kubadilisha Lewes, kushuka Seaford, kisha kutembea juu ya magenge mpaka Eastbourne na kurudi London kutokea huko. Ni njia nzuri. Inapita Seaford Head, mlango wa mto Cuckmere, vilima vya Seven Sisters vyenyewe, Birling Gap, mnara wa zamani wa Belle Tout, na Beachy Head, ambalo kwa mita 162 ndilo genge la chaki refu kuliko yote yanayotazama bahari Uingereza. Jumla ni kama kilomita 22 za kupanda na kushuka. Mtembeaji wa kawaida huimaliza kwa saa saba, mapumziko yakiwemo.

Mwezi wa Juni mpango huo hauna tatizo, mchana unazidi saa kumi na sita. Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni habari nyingine. Usiku huo saa za Uingereza hurudishwa nyuma: ikifika saa nane, inakuwa saa saba. Kundi lilifurahia saa moja ya ziada ya kulala, bila kufikiri kwamba saa hiyohiyo inakatwa jioni. Jumamosi jua lilizama karibu saa kumi na mbili kasoro robo. Jumapili lilizama saa kumi na dakika arobaini hivi.

Hesabu ilikuwa rahisi, na ilipaswa kufanywa kabla ya kununua tiketi. Chukua saa ya machweo, toa saa moja ya akiba, toa saa saba za mwendo. Unapata saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi, tena hiyo ni saa ya kuanza kutembea Seaford. Kwa familia inayotoka London mashariki Jumapili, na mtoto, na shangazi ambaye lazima anywe chai kwanza, haiwezekani. Kilomita 22 zilikwisha kushindikana siku mpango ulipotajwa kwenye kundi la WhatsApp.

Treni

Hapa palipotea muda mwingi kuliko walivyodhani. Walikusudia treni ya saa tatu asubuhi. Mmoja alichelewa, wakapanda ya saa nne. Walipofika Lewes wakakuta matengenezo ya reli: abiria wa Seaford wanapelekwa kwa basi. Matengenezo ya namna hii hufanywa sana Jumapili, na hutangazwa mapema kwenye tovuti ya National Rail. Kutazama tangazo Alhamisi, kisha tena Jumamosi usiku, huchukua dakika mbili. Safari ambayo kwa kawaida ni saa moja na nusu na ushei ikawa saa mbili kamili, wakakanyaga Seaford saa sita mchana.

Kwenye bei walifanya vizuri. Punguzo la GroupSave huwapa watu wazima watatu hadi tisa wanaosafiri pamoja thuluthi moja ya nauli za saa zisizo na msongamano, na mtoto hulipiwa nauli yake ya nusu. Kosa lilikuwa kununua tiketi ya kwenda na kurudi Seaford huku wakikusudia kurudi kutokea Eastbourne. Reli ya Seaford inachepuka Lewes. Usidhani tiketi ya mji mmoja inakubaliwa kwenye mji mwingine. Mwambie mwenye dirisha utashukia wapi na utapandia wapi, akupe inayofaa.

Seaford Head hadi Exceat

Walianza kutembea saa sita na robo. Kutoka kituoni unavuka mji, unafika ufukweni, unageuka kushoto na kupanda Seaford Head. Baada ya kilomita nne na nusu hivi unashukia nyumba za zamani za walinzi wa pwani juu ya mlango wa mto Cuckmere, na hapo ndipo picha zote zile zinapopigwa: nyumba chache mbele, mto, kisha vilima vyeupe vikipishana kuelekea mashariki. Walifika saa saba na nusu na ushei.

Tunalisema hili wazi kwa sababu wengi hawaambiwi. Ukiwa juu ya Seven Sisters, huzioni. Unaona majani chini ya miguu, bahari kuliani, na kilima kinachofuata. Anayetaka kuziona na kuzipiga picha mahali pake ni huku upande wa magharibi. Kwa kundi lenye mtoto na mtu mzima wa umri ule, kufika kwenye nyumba hizi, kukaa, kula na kurudi Seaford ingekuwa safari kamili ya kilomita tisa, na wangewahi treni kukiwa na mwanga.

Wao walitaka kuendelea. Mlango wa mto ulionekana mwembamba, na wanafunzi wakapendekeza wavuke kwa miguu. Shangazi alikataa, na alikuwa sahihi kabisa: mkondo una nguvu, chini ni kokoto zinazohama, na maji yalikuwa yanaingia. Daraja lipo Exceat, kwenye barabara ya A259, kilomita mbili juu ya bonde, kisha unarudi kilomita mbili upande wa pili. Kwenye ramani umbali huo hauonekani kama kitu. Miguuni ni zaidi ya saa nzima. Exceat kuna kituo cha wageni chenye vyoo, na hapo ndipo waliposali. Baada ya saa kurudishwa nyuma, adhuhuri ya Sussex huingia kabla ya saa sita, alasiri inafuata karibu saa nane na robo, na magharibi ni saa kumi na dakika arobaini. Anayesali akipanga safari ya msimu huu avipange vituo hivi mapema. Jaza maji hapahapa pia. Kati ya Exceat na Birling Gap hakuna bomba wala duka.

Saa tisa kasoro robo walikuwa ufukweni mwa Cuckmere, mguuni mwa kilima cha kwanza.

Maji

Mwanafunzi mmoja alikuwa amekulia Paje. Alitazama ufuko mpana wa kokoto unaopita chini ya magenge, akakumbuka kwamba jana usiku mwezi ulikuwa nusu, akasema, “Shangazi, tupite huku chini, hakuna kupanda milima. Leo maji mafu, yanatoka mpaka saa kumi.” Shangazi, ambaye naye amekua akiona maji hayohayo, akakubali.

Kwa Unguja alikuwa sahihi. Kwa Sussex alikuwa amekosea kwa saa sita.

Bamvua na maji mafu huja siku zilezile kwetu na kwao, maana mwezi ni mmoja: bamvua unapoandama na unapokuwa mpevu, maji mafu unapokuwa nusu. Saa ndizo zinazotofautiana. Unguja, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi na kupwa karibu saa nne. Ndiyo maana kina mama wa mwani huwa shambani asubuhi siku hizo. Nusu mwezi inageuza: yanajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni. Pwani ya Sussex, bamvua hujaa karibu saa sita, mchana na usiku, na hupwa karibu saa kumi na mbili. Nusu mwezi, maji hupwa karibu saa tano asubuhi, kisha yanajaa mpaka karibu saa kumi na moja jioni. Kijana aliyesema maji yanatoka alikuwa amesimama mbele ya bahari iliyokuwa ikijaa kwa karibu saa nne.

Kimo nacho kinatofautiana. Bamvua la Unguja hupanda na kushuka kama mita nne. Newhaven, bandari iliyo jirani na magenge haya, bamvua linakaribia mita sita, na maji mafu ni kama mita tatu. Mita tatu si kidogo unapokuwa na ukuta mgongoni. Mabaharia hukadiria hivi: gawa kimo chote mafungu kumi na mbili. Saa ya kwanza maji hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kundi liliingia ufukoni saa ya nne ikielekea mwisho, theluthi mbili ya maji ikiwa imekwisha kupanda.

Halafu kuna umbile la mahali. Kutoka Cuckmere hadi Birling Gap ni kama kilomita nne, na katikati hakuna njia yoyote ya kupanda juu. Hakuna ngazi, hakuna bonde linalofika chini. Mabonde yale unayoyaona kati ya kilima na kilima yanaishia hewani, mita nyingi juu ya kichwa chako. Njia ya kutokea ni ngazi ya chuma ya Birling Gap, ambayo nayo hufungwa baadhi ya nyakati baada ya dhoruba au ukingo kumeguka. Mwendo wa pale chini ni wa polepole mno, kwa sababu unakanyaga kokoto za gumegume zinazozama au mwamba wenye ukungu wa kijani unaoteleza. Kilomita nne zingewachukua saa mbili na zaidi. Wangekuwa katikati au mwishoni mwa njia saa kumi na moja, maji yamejaa na jua limezama.

Kilichowaokoa ni mtoto. Baada ya dakika kumi na tano za kutembea aliuliza kwa nini ukuta mweupe umeota kijani mpaka juu ya kichwa chake. Ule ndio mstari wa maji. Palipoota mwani juu ya kimo cha mtu, bahari hufika hapo kila siku. Walipotazama mbele waliona wimbi tayari linagusa mguu wa genge kwenye ncha ya kwanza. Wakageuka. Ufukoni walitumia nusu saa yote, na ni nusu saa waliyoitumia kwa busara kuliko yote siku ile, kwa sababu waligeuka kabla ya kujiuliza kama wangeweza kuwahi.

Kwa anayetaka kutembea chini, utaratibu ni huu. Soma jedwali la maji la Newhaven la siku hiyo, si la bandari nyingine, na hakikisha kama saa zake zimeandikwa kwa majira ya joto au la. Shuka Birling Gap, ambako unaiona ngazi yako, saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Nenda upande mmoja, geuka kabla hayajaanza kujaa, panda palepale uliposhukia. Tembea mbali na ukuta, maana mawe huanguka bila ishara, hasa baada ya mvua nyingi au baridi ya barafu. Ukinaswa, piga 999, omba Coastguard (waokoaji wa pwani), sema uko chini ya magenge kati ya sehemu gani na gani, mko wangapi, na kama kuna mtoto. Usijaribu kupanda chaki. Inavunjika mkononi.

Ukingo

Walipanda Haven Brow saa tisa na robo. Hiki ndicho kilima kirefu kuliko vyote vya Seven Sisters, mita 77, na baada yake ni kushuka na kupanda mara kwa mara mpaka Birling Gap. Upepo ulikuwa mkali. Shangazi alikuwa amevaa dera juu ya suruali, koti likiwa begani mwa mwenziwe. Dera lilijaa upepo kila alipofika kileleni. Nguo pana huku ivaliwe ndani ya koti lililofungwa mpaka chini, na ushungi ubanwe.

Hakuna uzio. Wengi hufikiri pasipozuiliwa si pa hatari, lakini sehemu kubwa ya ukingo haina uzio kwa sababu ukingo wenyewe unahama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu pwani hii ulikadiria kwamba kwa maelfu ya miaka magenge yalirudi nyuma sentimita 2 hadi 6 kwa mwaka, na kwamba katika miaka 150 ya karibuni kasi imefikia sentimita 22 hadi 32. Huo ni wastani tu. Genge halimeguki kidogokidogo kila siku. Linakaa kimya miaka, kisha linaanguka maelfu ya tani kwa mara moja. Mnara wa Belle Tout, uliojengwa mwaka 1832, ilibidi mwaka 1999 unyanyuliwe mzima na kusogezwa mita 17 kutoka ukingoni.

Sababu iko kwenye mwamba wenyewe. Chaki hunywa maji ya mvua, inakuwa nzito na laini. Baridi ikishika, maji ndani ya nyufa yanaganda na kuzipanua. Chini, mawimbi yanakula mguu wa genge. Juu, mizizi ya majani inashikilia udongo hata pale ambapo mwamba chini yake umekwisha kuondoka, kwa hiyo mtu anayesimama kwenye majani ya ukingoni huenda amesimama juu ya hewa, na yeye hawezi kuona. Anayeona ni aliye mbali, kwa pembeni. Mwaka 2017 mwanafunzi kijana kutoka ng'ambo alikufa hapa alipoanguka akipigwa picha ya kuruka karibu na ukingo.

Sisi tunashauri mita kumi, hatua kama kumi na tano za mtu mzima, na zaidi kama kuna upepo, mvua, au ufa wowote unaokwenda sambamba na bahari. Ukiona ufa, ukingo wako ni ule ufa. Anza kuhesabu mita kumi kutoka hapo. Mtoto ashikwe mkono vileleni na kwenye miteremko. Picha inayoonyesha urefu haipatikani kwa kukaribia ukingo. Mpiga picha asimame kilima kimoja nyuma, mwenye kupigwa asimame ndani kwenye majani, na weupe wa genge utaonekana kwa pembeni.

Wanafunzi wawili walivaa raba za nyayo bapa. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imeacha ute mweupe kwenye miteremko, na chaki mbichi inateleza kama sabuni. Kila mteremko waliushuka kwa kukaa chini. Hapo ndipo mwendo wa saa moja na dakika ishirini ulipokuwa saa moja na dakika arobaini na tano.

Giza

Birling Gap walifika saa kumi na moja. Jua lilikuwa limezama dakika ishirini zilizopita, mgahawa umefungwa, na basi la 13X linalopita pwani siku za mapumziko lilikuwa limekwisha. Ratiba ya basi hilo hubadilika kwa msimu, lisitegemewe bila kutazama ya siku hiyohiyo.

Wanafunzi walitaka kumalizia Beachy Head kwa tochi za simu. Wauguzi walikataa, na hapa hapana mjadala: hakuna anayepaswa kutembea juu ya magenge haya gizani bila kuyajua. Walifuata barabara mpaka kijiji cha East Dean, kilomita moja na nusu, kwa mstari mmoja, tochi moja mbele na moja nyuma, maana barabara haina taa na sehemu kubwa haina njia ya miguu. Pale kwenye A259 linapita basi namba 12 la Brighton na Eastbourne, ambalo hutembea hata Jumapili jioni. Eastbourne wakanunua tiketi mpya mpaka Lewes, na saa mbili na ushei usiku walikuwa Victoria.

Ratiba ambayo ingewafaa

Kwa watu walewale, siku ileile, hata wakifika Seaford saa sita mchana, palikuwa na safari mbili nzuri. Ya kwanza tumeitaja: Seaford Head mpaka kwenye nyumba za walinzi wa pwani na kurudi. Hii ndiyo tungewachagulia.

Ya pili ni kwa wanaotaka kukanyaga vilima vyenyewe. Panda basi namba 12 kutoka Seaford mpaka Exceat; ni dakika chache tu. Jaza maji, lita moja na nusu kwa kila mtu, chapati na chai ya chupa ziwe begani. Shuka bonde upande wa mashariki, panda Haven Brow kabla ya saa saba na nusu, na ukiwa na mtoto ujipe saa mbili mpaka Birling Gap. Utafika saa tisa na nusu, ukiwa na saa nzima ya mwanga na barabara ya East Dean ikionekana vizuri.

Jiwekee pia saa ya kugeuka, na iandikwe kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kutoka nyumbani ili isigombaniwe njiani. Kwa siku ile ilipaswa kuwa saa nane: kama saa nane hatujafika Haven Brow, tunarudi Exceat, tunakula kando ya mto, tunapanda basi.

Beachy Head na Eastbourne waiachie siku ya Mei au Juni. Waanzie Eastbourne kwa treni ya moja kwa moja, saa moja na nusu hivi kutoka Victoria, wapande kutokea mwisho wa mji upande wa magharibi, waone mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe uliowashwa mwaka 1902 chini ya genge, kisha waishie Birling Gap na East Dean. Kituo cha basi cha kurudi Eastbourne kiko upande wa kushoto wa barabara kwa anayetazama mashariki.